Mgeni na Kitu Kigeni Katika Biblia

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri ilitutaka tunene leo juu ya jambo ambalo halikuandikwa katika hesabu za Mtunza Hazina, walakini ni deni kubwa kuliko yote yaliyomo katika daftari lake.

Wengi wenu mnamkumbuka yule fundi viatu aliyekuwa akiketi penye kona ya soko. Kwa miaka mingi alitushonea viatu vyetu na mikoba ya watoto wetu wa shule. Matamshi yake yalikuwa ya mbali, naye hakupenda kueleza habari za kwao. Alipokufa katika chumba chake cha kupanga, mwenye nyumba alileta habari kwetu, maana hakujua mahali pengine pa kuipeleka. Tulikutana jioni mbili. Jioni ya kwanza tuliulizana, "Ni mtu wa wapi?" Jioni ya pili tuliulizana, "Ni mtu wa nani?" Asubuhi ya tatu tukaambiwa kwamba amekwisha kuzikwa kwa amri ya wakuu wa mji, katika makaburi ya watu wasio na wenyewe.

Baada ya miezi miwili akaja dada yake, mwanamke mzee, aliyesafiri siku mbili njiani. Hakudai chochote. Alitaka kuonyeshwa kaburi tu, apate kutia udongo wake. Hatukuweza kumwonyesha. Wale waliofuatana naye siku ile wanajua jinsi tulivyorudi nyumbani.

Hatukupungukiwa na fedha, wala hatukupungukiwa na watu wa kubeba jeneza. Tulipungukiwa na jambo moja tu: hatukujua la kufanya na mtu tusiyemjua. Kwa hiyo limeletwa mbele yenu leo shauri la kuongeza fungu katika kanuni za Mfuko wa Mazishi, ili mtu akaaye katika mitaa yetu asiye na wenyewe azikwe na Chama.

Chama hiki si kanisa. Wamo kati yetu Waislamu, wamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na wamo wazee wanaoshika mila za babu zao. Walakini katika mabishano ya jioni mbili zile Biblia ilitajwa na pande zote. Ndugu mmoja alisema kwamba imeamuru kujitenga na wageni. Ndugu mwingine alisema kwamba imeamuru kuwapenda. Kila mmoja alikuwa na sura yake na mstari wake. Basi ni haki tukakitazame kitabu chenyewe, tuone kinavyotendea watu wageni na vitu vigeni, kisha kila mtu apige kura yake kwa moyo mweupe.

Kwanza, neno lenyewe

Kwetu sisi neno mgeni ni moja tu. Ni yule aliyealikwa kula, ni yule apitaye njiani, tena ni yule tusiyemjua kabisa. Kiyunani, lugha ya Agano Jipya, kina desturi kama hiyo: neno xenos lilikuwa la mgeni wa karamuni na la mtu wa nchi nyingine pia, na neno walilolitumia kwa ukarimu maana yake hasa ni kumpenda mgeni. Lakini Kiebrania cha Agano la Kale hupambanua zaidi. Liko neno ger, yaani mtu aliyetoka kwao akaja kukaa kati ya watu wasio wake, asiye na shamba la urithi wala ukoo wa kumtetea. Liko na neno nokri, yaani mtu wa nje, aghalabu mfanyi biashara au msafiri, ambaye kwao kungaliko na ndiko kwenye tegemeo lake.

Mtu asiyeijua tofauti hii ataona kwamba torati yajipinga. Kwa nokri, Mwisraeli aliruhusiwa kudai deni lake hata katika mwaka wa saba, mwaka ambao ndugu alisamehewa, tena aliruhusiwa kumtoza riba. Lakini kwa ger amri ni nyingine. Apumzike siku ya Sabato kama mwenye nyumba. Masazo ya mavuno na pembe za shamba zisizovunwa ni zake, pamoja na maskini, yatima na mjane. Akiwa kibarua, apewe ujira wake kabla ya jua kuchwa. Akiua mtu pasipo kukusudia, miji ya makimbilio ni yake pia. Na amri ya kumpenda mgeni huyo kama nafsi ya mtu mwenyewe imo katika sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, sura ile ile iliyo na amri ya kumpenda jirani.

Tutazame na sababu inayotolewa. Torati haisemi kwamba mgeni apendwe kwa kuwa ni mwema. Yasema kwamba Waisraeli wenyewe walipata kuwa wageni huko Misri, na kwa hiyo wanajua jinsi moyo wa mgeni ulivyo. Ni nani kati yetu ambaye hakuuingia mji huu na mzigo mmoja, akiuliza njia, huku akiogopa kuulizwa maswali?

Basi swali letu la kwanza juu ya fundi viatu lilikosea njia. Ilitupasa kuuliza hivi: Je, alikuwa mpitaji, au alikuwa mkaaji? Na miaka yake yote penye kona ya soko ilikuwa jibu.

Biblia haifichi hofu

Hata hivyo yule ndugu aliyetuonya juu ya wageni hakusema uongo. Biblia inayo maneno makali, na haifai kuyaruka.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, yamkataza Mmoabi kuingia katika kusanyiko hata kizazi cha kumi. Sababu yatajwa: Wamoabi hawakuwalaki Waisraeli njiani kwa chakula na maji, bali walimwajiri Balaamu awalaani. Na katika kitabu cha Ezra twasoma kwamba watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walikusanyika Yerusalemu, wakitetemeka kwa ajili ya jambo lile na kwa ajili ya mvua kubwa, wakaamua kuwafukuza wake wa mataifa mengine pamoja na watoto wao. Habari hii ni nzito, na mwandishi hakujaribu kuifanya nyepesi. Watu wachache, waliokwisha kupoteza mfalme na kuona hekalu lao likiteketezwa, waliogopa kupotea kabisa. Sisi tulio mbali na vijiji vyetu, tunaosikia watoto wetu wakiisahau lugha ya mama zao, tunaielewa hofu ile, ijapokuwa hatuwezi kuwasahau wale wanawake na watoto waliotolewa nje.

Iko na hofu ya namna nyingine, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13. Watu 12 walitumwa kuipeleleza nchi ya Kanaani kwa siku 40. Waliona nchi moja, wakarudi na kichala kimoja cha zabibu kilichochukuliwa na watu wawili juu ya mti. Hatusemi hapa habari za kutwaa nchi za watu. Twasema habari za macho. Kumi kati yao walisema kwamba wameona majitu, na kwamba mbele yao walijiona kama panzi. Wazee wetu, hakuna mwenyeji wa nchi ile aliyewaita panzi. Walijipima wenyewe, kisha wakadhani kwamba na wengine wamewapima kwa kipimo kile kile. Ndivyo kitu kigeni kinavyotushinda: chaanza kutushinda machoni petu wenyewe. Wawili tu walisimama imara, Yoshua na Kalebu. Na huyu Kalebu kitabu kile kile chamwita Mkenizi, jina la ukoo ambao wataalamu wengi huona kwamba asili yake ilikuwa nje ya Israeli.

Mmoabi mwenye jina

Sasa, Biblia iyo hiyo iliyo na sheria juu ya Wamoabi imehifadhi kitabu kidogo chenye sura nne, chaitwa Ruthu. Njaa iliwatoa watu wa nyumba moja Bethlehemu, ikawapeleka Moabu, nchi iliyosemwa vibaya. Huko walipata chakula, huko wana wao wawili walioa. Wanaume wote watatu wakafa. Naomi, mjane mzee, akarudi kwao mikono mitupu, na mkwewe Mmoabi akakataa kumwacha.

Wahenga wetu walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ruthu hakungoja kupewa jembe. Alikwenda mwenyewe mashambani, wakati wa mavuno ya shayiri, akaokota masazo nyuma ya wavunaji kama sheria ya ger ilivyompa haki.

Na mwenye shamba, Boazi, alipomwona aliuliza msichana yule ni wa nani. Ndugu wanachama, hilo ndilo swali letu la jioni ya pili! Kuuliza si kosa. Tofauti ni kwamba sisi tuliuliza ili tupate sababu ya kuondoka, naye aliuliza ili apate kujua la kutenda. Msimamizi alimjibu mambo mawili: kwamba ni Mmoabi, na kwamba amefanya kazi tangu asubuhi. Boazi alilishika lile la pili. Siku iyo hiyo aliamuru vijana wasimguse, anywe maji yao, ale pamoja nao, na masuke yaangushwe kwa makusudi ili ayaokote. Mwishowe akamwoa. Mwana wao Obedi alimzaa Yese, naye Yese alimzaa Daudi. Hivyo mama wa babu yake mfalme mkuu wa Israeli alikuwa Mmoabi.

Hatuambiwi kwamba ile sheria ilifutwa. Twaambiwa habari za mwanamke mmoja mwenye jina. Sheria yaweza kuandikwa juu ya taifa zima, lakini mtu haji mlangoni kama taifa. Huja mmoja mmoja, na kila mmoja ana mama yake na kazi ya mikono yake.

Kitu kisicho na jina

Tumesema juu ya watu. Sasa tuseme kidogo juu ya vitu. Waisraeli walipoona njaa jangwani, asubuhi moja walikuta juu ya nchi kitu kidogo kama sakitu, wasichokijua. Waliulizana ni kitu gani, na kutokana na swali hilo, kama Kutoka sura ya 16 yaeleza, chakula kile kikapata jina lake, mana. Yaani walikula kwa miaka 40 chakula ambacho jina lake ni swali. Kukipata wakakipata, lakini kwa kipimo: pishi moja kwa kila mtu. Aliyekusanya vingi hakuzidiwa, wala aliyekusanya vichache hakupungukiwa, na aliyeweka akiba mpaka asubuhi alikuta mabuu.

Waliotafsiri Biblia kwa lugha yetu nao walipambana na vitu visivyo na jina. Dr. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Agano Jipya lililotengenezwa Unguja chini ya Askofu Steere lilitoka mwaka 1879, na Biblia nzima ya huko mwaka 1891. Ile ya Mombasa ilitimia mwaka 1914, na ile ya muungano mwaka 1952. Biblia yataja theluji mara nyingi, na mtu wa pwani hakupata kuiona maishani mwake. Neno tulilo nalo, theluji, lilitoka katika Kiarabu.

Walakini kitu chenyewe kilikuwapo katika nchi zetu siku zote. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Mwongozi wake hakuwa na jina jingine la kitu kile ila aliita baridi tu. Lilikuwa jina la kweli, kwa maana lilitaja kazi ya kitu chenyewe. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Ukambani, aliona weupe kama ule juu ya Mlima Kenya. Habari zilipofika Uingereza, mtaalamu mmoja wa jiografia, W. D. Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alikanusha kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Ilikuwa mpaka safari za Baron von der Decken mlimani, mwaka 1861 na 1862, ndipo maneno ya Rebmann yalipothibitishwa. Basi, kutokujua si aibu; kila mtu ana asichokijua. Aibu ni kukataa kitu kwa sababu hakimo katika kitabu chetu, na hali mtu aliyekiona asimama mbele yetu.

Msaada uliotoka nje

Tena wanachama na watazame jinsi msaada unavyoingia katika habari za Biblia. Mara nyingi waingia kwa mlango wa nje. Yethro, kuhani wa Midiani, ndiye aliyemwona mkwewe Musa akichoka kwa kuhukumu watu toka asubuhi hata jioni, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Musa alilikubali shauri la mtu wa nje, na hata sisi, tukiweka wajumbe wa mitaa, twafanya jambo la namna hiyo. Hekalu la Sulemani lilijengwa kwa mierezi ya Lebanoni iliyoletwa na Hiramu mfalme wa Tiro, na fundi wa shaba alikuwa mwana wa mjane wa Israeli aliyezaa na mtu wa Tiro. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliyeutwaa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, aliwaruhusu Wayahudi kurudi kwao na vyombo vya hekalu lao; na kitabu cha Isaya chamwita masihi wa Bwana, mtu ambaye hakuwa Myahudi wala hakumjua Mungu wa Wayahudi.

Lakini tungependa mkumbuke hasa Ebedmeleki, Mkushi, yaani mtu wa nchi zilizo kusini ya Misri. Mji wa Yerusalemu ulipohusuriwa na Wakaldayo, kabla haujaanguka karibu na mwaka 587 kabla ya Kristo, wakuu wa mji walimtupa nabii Yeremia katika shimo la matope. Watu wake mwenyewe walimwacha azame. Ni huyu mgeni, mtumishi katika nyumba ya mfalme, aliyekwenda kumwambia mfalme waziwazi kwamba ni vibaya. Akapewa watu 30. Naye kabla ya kwenda shimoni aliingia katika ghala akachukua matambara na nguo zilizochakaa, akamteremshia Yeremia ayaweke chini ya makwapa, ili kamba zisimchubue. Tumesoma habari nyingi za wokovu, walakini ni chache zinazotaja matambara. Mtu aliyepata kuvutwa kwa kamba ndiye afikiriye mambo hayo.

Juu ya wadanganyifu

Mzee mmoja alituuliza, "Je, tukifungua mlango, hawatakuja wadanganyifu?" Swali lake ni la hekima, na Biblia imelijibu katika Yoshua, sura ya 9. Wagibeoni walikuja na mikate iliyokauka, viatu vilivyotiwa viraka na viriba vilivyoraruka, wakajifanya watu wa nchi ya mbali, kumbe ni majirani. Viongozi wa Israeli walifanya agano nao pasipo kuuliza vema. Walipogundua hila, watu walinung'unika. Lakini viongozi hawakuvunja kiapo. Waliwapa Wagibeoni kazi ya kupasua kuni na kuchota maji. Na baadaye, kwa habari ya Samweli wa Pili, sura ya 21, mfalme Sauli alipowaua Wagibeoni, ilikuja njaa ya miaka mitatu katika nchi kwa sababu ya damu ile.

Hapo tunapata mafunzo mawili. Uliza kabla ya kuapa, maana ukarimu si upofu. Na ukiisha kuapa, timiza, hata kama uliyempa neno lako alikushinda kwa werevu.

Agano Jipya lafuata njia iyo hiyo. Petro, akiwa juu ya dari huko Yafa, aliona katika maono nguo kubwa yenye wanyama ambao sheria ya wazee wake ilimkataza kuwala, akaambiwa ale. Akakataa mara tatu. Alikuwa angali akishangaa, wageni wakabisha mlangoni: wajumbe wa Kornelio, akida wa Kirumi. Ndipo alipotambua kwamba maono yale hayakuwa ya chakula, yalikuwa ya watu. Na katika mfano wa Msamaria Mwema, mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani, akitaka mpaka. Yesu hakumpa mpaka. Alimpa habari ya mtu aliyelala njiani amevuliwa nguo, asiyeweza kutambulikana kuwa ni wa wapi. Na aliyelipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni alikuwa mtu wa taifa lililodharauliwa.

Yatupasayo

Tukikusanya haya yote, twaona kwamba Biblia haina sauti moja nyepesi juu ya mambo ya kigeni. Inayo kuta na inayo milango. Walakini kila inapotusimulia habari za mtu mmoja mmoja, yatufundisha neno hili: mgeni aulizwe kabla ya kuhukumiwa, na akiisha kukaa kati yetu, kipimo chake kiwe kipimo chetu.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu.

La kwanza, Karani afungue daftari la wakaaji. Kila mtu katika mitaa yetu, awe mwanachama au asiwe, akipenda aandikishe jina lake, kwao, na jina la ndugu wa kupelekewa habari. Tuwaulize watu wangali hai, tusingoje kuwauliza maiti.

La pili, mkaaji akifa pasipo wenyewe, Chama kimzike kwa sanda na jeneza la kipimo kile kile cha mwanachama, kwa ibada ya dini yake kama inajulikana, na kaburi liwekwe alama. Mtunza Hazina anaogopa kwamba Mfuko utakwisha, naye ana haki. Hata mana ilikuwa na pishi yake. Basi Halmashauri iweke kila mwaka kiasi cha fedha kwa kazi hii, na kiasi hicho kisizidishwe ila kwa idhini ya mkutano.

La tatu, mkaaji wa asili yoyote awezaye kulipa ada aruhusiwe kuingia katika Mfuko kama sisi. Hilo ndilo jembe la siku ya tatu. Kumpa mtu msaada tu na kumnyima kazi ya kusaidia wengine ni kumweka mgeni milele. Na wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatujui ni Ebedmeleki yupi anayeketi leo katika kona ya soko letu.

Neno la mwisho. Kwa miaka mingi tulimwita yule mtu Fundi, wala hatukuwa na jina jingine. Jina lake na la baba yake tuliambiwa na dada yake, naye aliacha kwa Karani anwani ya kwao. Karani amekwisha kutafuta katika kumbukumbu za makaburi ya mji, akaonyeshwa safu na nambari. Shauri letu likikubaliwa, tunaomba daftari la wakaaji lianze kwa jina lake, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Kisha barua ipelekwe kwa dada yake, aje atie udongo, nasi tufuatane naye.

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wanachama, tumekwisha. Sasa twaliweka jambo hili mikononi mwenu.